Sinia la Vyuma

Kila asubuhi kabla ya shule, Luhaga alipita gereji ya baba yake pale Kirumba. Alimsaidia kufungua mlango wa mabati na kupanga spana mezani. Baba yake alitengeneza injini za boti za wavuvi wa ufukweni Mwaloni, na baiskeli pia kazi ikipungua. Ndiyo maana Luhaga alifika darasa la sita akinuka oili kidogo, na wenzake walikuwa wamezoea.

Luhaga alikuwa mwenyekiti wa klabu ya sayansi. Muhula huo shule ilialikwa Bujora kwenye shindano la kupima uwezo wa kukumbuka, ipeleke wanafunzi watatu. Mwalimu Teodora, mlezi wa klabu, alimwachia Luhaga apange jaribio la kuwapata. Luhaga akaongeza swali lake mwenyewe: kati ya wavulana na wasichana, nani anakumbuka zaidi? Jibu alikuwa nalo tayari kichwani.

Aliyeitaka sana safari ile ni Selina, mwanaklabu mwenzake. Huyu aliweza kutaja majina ya darasa zima, la kwanza hadi la mwisho, bila kuangalia daftari la mahudhurio.

Basi, Luhaga akaja na sinia kutoka gereji: plagi, beringi, spoki, nati, cheni, springi na vyuma vingine. Mtu aliangalia kidogo, sinia likafunikwa kwa gunia, kisha akataja alivyoviona. Wavulana wengi walikuwa wakishinda gereji hiyo kila Jumamosi, kwa hiyo walitaja haraka haraka. Zamu ya Selina ilipofika, alisema kulikuwa na kitu cha duara chenye vigololi vinavyozunguka ndani.

"Kinaitwaje?" Luhaga akauliza.

Selina hakujua jina lake. Luhaga akaandika kosa. Kwa wasichana wengi ikawa vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata Luhaga alisoma matokeo mbele ya klabu: wavulana wana kumbukumbu nzuri kuliko wasichana. Kwa hiyo Bujora wangekwenda Obedi, Ngosha na yeye mwenyewe, kwani naye alijipima kwa sinia hilo hilo. Wavulana wakapiga meza. Obedi akawaambia wasichana kwamba vichwa vyao ni ndoo iliyotoboka. Selina aliinama, akawa anakwangua meza kwa ukucha. Mwalimu Teodora alikuwa ameshika kalamu ayaandike majina ya kupeleka ofisini.

Safia akanyoosha mkono. Alikuwa msichana wa maneno machache, binti wa Muhidin, fundi baiskeli wa mtaa wa pili.

"Mwalimu, mimi nilitaja vyote isipokuwa kimoja. Mbona sikusikia jina langu?"

Mwalimu akamgeukia Luhaga. Luhaga akajibu kwamba jibu la Safia alilitoa, maana lingeharibu jaribio.

"Wewe umekulia kwenye vyuma," akamwambia Safia. "Si msichana wa kawaida."

"Na wewe uliyekulia kwenye vyuma, ni mvulana wa kawaida?"

Ngosha akacheka, na kicheko kikaenea. Masikio ya Luhaga yakawaka moto. Kisha akakiri kwa sauti ya chini kwamba alilitoa kwa sababu Safia alitaja vingi kuliko hata yeye.

Mwalimu Teodora hakumchapa wala hakumfokea. Aliweka kalamu chini, akaagiza jaribio lirudiwe. Kila mtoto alete kitu kimoja kutoka kwao, na kila kitu kitajwe jina mbele ya wote kabla ya kufunikwa. Ijumaa sinia likajaa: mwiko, shanga, chambo cha ndoana, kipande cha wavu, plagi, kifuniko cha chupa ya chai. Safari hii hakuna aliyeachwa. Selina aliongoza, wakafuata Ngosha na Safia. Luhaga alikuwa wa sita.

Jina la Luhaga halikuwamo kati ya watatu hao, lakini alimwomba Mwalimu ruhusa ya kwenda Bujora kueleza majaribio yote mawili, pamoja na kosa lake. Mwalimu akakubali. Kisha akawaambia:

"Msimcheke sana. Wako wasomi waliochunguza akili za watu kwa miaka mingi, wakapima wanaume tu, kisha wakaandika kwamba binadamu wote wako hivyo. Mwanamke akionekana tofauti, wakasema ana upungufu. Wengine wakaja kuwasahihisha baadaye. Anayepanga sinia anaweza kupanga na jibu, hata bila kujua. Kwa hiyo ukitaka ukweli, uliza kwanza ni nani hakupimwa. Na jibu lisilokupendeza usilifukuze, maana huenda ndilo lenye cha kukufundisha."

Siku ya safari, Selina alikaa kando ya dirisha la basi. Luhaga alipanda akiwa amekumbatia sinia, akakaa nyuma yake.

"Kile cha duara," Selina akamwuliza bila kugeuka, "kinaitwaje?"

"Beringi."

"Nitakumbuka," akasema Selina.