Kitambaa cha Meza ya Bwana

Navalayo alikuwa na mkono mwepesi. Asubuhi alikama ng'ombe na kupalilia mahindi. Jioni alidarizi vitambaa vya viti. Mama mkwe wake, Awinja, alimsifu kijiji kizima cha Iguhu. Mpaka akawaahidi kina mama wa kanisa kwamba mke wa mwanawe angedarizi kitambaa cha meza ya Bwana.

Kitambaa kilipoletwa, maua yake mekundu yalipendeza kweli. Lakini kina mama wale hawatazami maua tu. Mmoja wao, Jescah, alikigeuza. Nyuma kulijaa mafundo, na nyuzi zimeruka ovyo kutoka ua moja hadi jingine. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimejikunja.

"Hii ndiyo itakaa mbele ya Mungu?" Jescah aliuliza.

Awinja alikikunja, akakificha ndani ya leso. Navalayo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alikichukua kitambaa, akaenda kwa jirani, Mama Wekesa, aliyefundisha wasichana kudarizi.

"Nimemwaibisha mama," alisema, macho chini. "Nilikuwa naharakisha."

"Leta tuone. Hapa mwanzo ulifunga fundo?"

"Ndiyo."

"Usifunge. Acha mkia wa uzi nyuma, halafu uupitishe chini ya mishono. Ukimaliza ua, kata uzi. Usiruke."

"Na huku kujikunja?"

"Ulishika kwa mkono. Kibane kwa fremu ya mviringo, kikazwe kama ngozi ya ngoma. Uzi nao usiuvute sana. Tena huu wako ni mnene. Ni nyuzi nyembamba zimeshikana. Tenga mbili tu, ua litatoka laini."

Navalayo alianza kitambaa kipya. Kila akikumbuka ile leso ya mama mkwe, uso ulimwaka. Alipokosea alifumua, akarudia. Safari hii hakuharakisha.

Karibu na Pasaka walikipeleka kanisani. Jescah alikigeuza, akapitisha kidole, akatafuta fundo, akakosa.

"Nani ameshona hii?" aliuliza.

Navalayo alishindwa kuinua macho. Awinja alimshika mkono mbele ya kina mama wote.

"Ni mtoto wangu," alisema.