Tangazo la Pao-chu na Usingizi wa Mchana

Kila siku saa kumi na moja jioni, watu wa kichochoro cha tatu hushuka na mifuko yao ya takataka. Gari la taka huja likipiga muziki wake, na ukichelewa, mfuko unalala na wewe. Kwa hiyo watu huwahi dakika kumi. Atakayekwambia kwamba dakika hizo ni za kusubiri gari, anakudanganya. Ni za umbeya.

Pao-chu alizipenda dakika hizo kuliko chai. Hapo ndipo alipojua nani kanuniana na mkwewe, na nani kanunua friji pana kuliko mlango wake.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akishona miavuli kiwandani, hapo hapo mjini Hemei. Kiwanda kikahamia ng'ambo, yeye akabaki na cherehani yake. Akaiweka chumba cha mbele, ghorofa ya chini ya nyumba waliyopanga. Akaanza kupunguza suruali, kubadili zipu, na kutanua nguo za watu walionenepa sikukuu ya mwaka mpya.

Mkono wake ulikuwa mzuri. Wateja ndio walikuwa haba.

"Umejificha kama mtu aliyeiba hiyo cherehani," mumewe Chin-fa alimwambia siku moja, huku akinywa uji wa viazi vitamu. "Watu watakujuaje? Niachie mimi."

Pao-chu akamwachia.

Chin-fa alinunua kipaza sauti. Akamrekodi mkewe, akakifunga nyuma ya pikipiki. Kila siku saa saba mchana, akiwa kwenye mapumziko ya kazi, alizunguka vichochoro vyote. "Zipu mbovu? Suruali ndefu? Sketi imekubana? Njoo kwa Pao-chu." Akifika mwisho, anarudi mwanzo.

Hakuishia hapo. Alibandika karatasi kwenye nguzo za umeme. Akatumbukiza nyingine kwenye kila sanduku la barua, hata yale yaliyoandikwa "Matangazo hatutaki". Langoni akatundika taa nyekundu zinazokimbizana.

Wateja wakaja kweli. Lakini karatasi haikusema mlango upi, na nyumba ile ina ghorofa nne na kengele nne. Watu walibonyeza zote.

Siku ya nne, Pao-chu alishuka na mfuko wake wa taka. Alipofika tu, maongezi yakakatika. Bi Ku wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye sauti ya kufika stesheni, alimpa mgongo. Akaanza kukagua mfuko wake wa taka kana kwamba mna dhahabu ndani.

"Joto leo," Pao-chu alisema.

Wote wakageukia njia linakotokea gari. Pao-chu hakuwahi kuona gari la taka likichelewa namna ile.

Asubuhi yake alipigiwa simu na mwenye nyumba, Mzee Shih, anayeishi mji mwingine.

"Pao-chu, Bi Ku amenipigia mara tatu. Mimi ni mzee, nataka kula wali wangu kwa amani. Akinipigia mara ya nne kulalamika, chagua mwenyewe. Cherehani itoke, au mtoke wote."

Pao-chu alikata simu, akaiangalia cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kiwanda gani kingemchukua sasa?

"Kijicho tu hicho," Chin-fa alisema. "Mimi naongeza sauti."

"Ongeza, baba. Halafu hicho kipaza sauti tutakitumia kutafutia nyumba."

Chin-fa akachukua ufunguo wa pikipiki, akaenda kazini.

Saa tisa alasiri akaja Bi Chuang, mwenyekiti wa mtaa. Mkononi alikuwa na suruali ya mumewe na karatasi moja iliyobanduliwa kwenye nguzo. Alivuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa, kama kawaida yake.

"Suruali ipunguze vidole viwili," alisema. "Sasa tuzungumze, shoga. Saa saba mchana mtaa huu hufanya nini?"

"Hulala."

"Na wewe?"

"Nalala pia."

"Kipaza sauti hukisikii?"

"Ni sauti yangu mwenyewe, Bi Chuang. Hainiamshi."

Bi Chuang alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanyoosha ile karatasi mezani.

"Nguzo si yako wala si yangu. Wakaguzi wa usafi wa mji wakiikuta hii, wanasoma namba ya simu hapa chini. Kuna faini. Na namba yenyewe wanaweza kuifungia. Ikifungwa, wateja watakupigia kwa miluzi?"

Pao-chu alishika shavu. "Sasa nifanyeje? Nikae kimya wasinijue?"

"Nani kasema ukae kimya? Jitangaze, tena sana. Lakini mtaa una mlango wake wa kuingilia. Mimi nina ubao wa matangazo pale karibu na hekalu. Niletee karatasi moja, nitaipiga muhuri, itakaa mwezi mzima. Kwenye kundi letu la simu andika mara moja kwa wiki, si kila unapomaliza zipu. Langoni weka kibao kidogo, ukutani kwako, chenye mshale na saa zako za kazi. Na kengele yako iwe na jina lako."

"Hilo tu?"

"La. Hayo ni ya mwisho. La kwanza ni kupanda ngazi. Mnakaa nyumba moja watu wa ghorofa nne. Ulimuuliza nani kabla ya kutundika taa za disko?"

Pao-chu aliikunja upya ile suruali.

"Basi kaulize leo. Wala usianze kwa kujitetea. Mwulize mtu kinachomkera, kisha funga mdomo usikilize. Najua kwako ni kazi ngumu kuliko kushona ngozi."

Jioni hiyo Pao-chu alinunua mapera mazuri, akapanda ghorofa ya pili. Bi Ku alifungua mlango nusu.

"Umeniletea karatasi nyingine?"

"Sina karatasi, dada. Nina mapera na aibu yangu. Nimekuja kuuliza ni kipi kinachokuudhi."

Bi Ku alikuwa amekaa na maneno yake siku nne. Aliyatoa yote.

"Mkwe wangu Yi-ching ana siku kumi na nane tangu ajifungue. Hajatimiza mwezi, hatoki nje. Usiku kucha mtoto analia. Mchana ndipo wanapata kufumba macho wote wawili. Hapo mumeo anapita, sketi imekubana, sketi imekubana. Mzazi anaamka analia. Anadhani anasemwa yeye."

Pao-chu alitaka kucheka, alitaka kulia. Akafunga mdomo kama alivyoagizwa.

"Kengele nayo," Bi Ku aliendelea. "Jana nimemfungulia mwanamume nisiyemjua, ananipa zipu ya suruali yake. Na pikipiki za wateja wako zimeziba lango, mtoto tunampitisha wapi?"

"Taa zinatoka leo," Pao-chu alisema. "Kipaza sauti hutakisikia tena. Saa za kazi nitaandika kibaoni: asubuhi saa tatu hadi saa sita, alasiri saa tisa hadi kumi na mbili. Pikipiki zitakaa upande wa ukuta wangu. Unaonaje?"

Bi Ku aliangalia mapera. "Na cherehani yenyewe inanguruma sakafuni."

"Nitaitandikia zulia la mpira."

"Tutaona."

Pao-chu alipogeuka kushuka, sauti nyembamba ilitoka chumbani. Ilikuwa ya Yi-ching. "Mama, mwulize kama anaweza kutanua gauni. Kwenye sherehe ya mtoto kutimiza mwezi nitavaa nini?"

Usiku huo Chin-fa alishusha taa bila ubishi mwingi. Kesho yake akapita nguzo moja moja na ndoo ya maji, akisugua karatasi zake mwenyewe. Pao-chu alipanda ghorofa ya tatu na ya nne pia, akauliza, akasikiliza. Wa ghorofa ya nne hakuwa na neno. Alitaka tu taarifa. Kisha kibao kikawekwa, kidogo, kisafi, na mshale wake. Karatasi yenye muhuri ikakaa ubaoni.

Wiki ya kwanza wateja walikuwa wawili. Chin-fa alikiangalia kipaza sauti kwa jicho la huruma. Pao-chu akakifungia kabatini. Alilitanua gauni la Yi-ching polepole, kwa uzi wa rangi ile ile, hata mshono usionekane.

Mtoto akatimiza mwezi. Kama ilivyo desturi, Bi Ku alipita kila mlango akigawa maboksi ya wali wa mafuta na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu. Pao-chu alisikia hatua zake zikishuka ngazi. Hatua zikasimama mlangoni kwake. Boksi lake lilikuwa na mayai mawili zaidi ya wengine.

Jioni, kwenye gari la taka, Bi Ku aliongea kwa ile sauti yake ya kufika stesheni.

"Mmeliona gauni la mkwe wangu? Kila mgeni kauliza kanunua wapi. Hakununua popote, ni lile la zamani. Fundi yuko hapo chini, mmemkalia kimya bure."

"Si wewe uliyeanza kumnunia?" mtu mmoja akauliza.

"Nimeanza mimi, nimemaliza mimi. Wewe leta hizo suruali zako zinazofagia barabara."

Kufikia Jumatatu, Pao-chu alikuwa na rundo la nguo linalofika kiunoni.

Katikati ya kazi, simu ikalia. Mzee Shih. Mguu wa Pao-chu ukasimama kwenye pedeli.

"Bi Ku amenipigia," mzee alisema.

Pao-chu aliuliza, "Amesemaje?"

"Nusu saa nzima anakusifu, wali wangu umepoa. Sasa, nina suruali tatu zimenizidi urefu. Nije kesho saa saba?"

"Njoo saa tisa, mzee," Pao-chu alisema, akaanza tena kukanyaga cherehani. "Saa saba watu wamelala."