Miche Iliyoota Myeupe

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama alikagua kitalu chake nyuma ya nyumba. Aliotesha miti ya msituni na kuuza miche. Mkwewe, mke wa mwanawe, ndiye aliyemwagilia. Walielewana, ingawa mama alikuwa na ulimi wa pilipili.

Asubuhi moja mama alisimama ghafla mbele ya tuta. Katikati ya miche mipya palikuwa na miche myeupe. Haikuwa ya manjano, wala haikuwa imekauka. Ilikuwa myeupe kama karatasi, shina na majani. Hapa mmoja, pale miwili, kule mitano. Ndugu msomaji, hata mimi ningeshtuka.

Mama alimwita mwanawe, ambaye alikuwa seremala.

"Njoo uone. Mkeo amemwagia miche yangu maji ya sabuni."

Mkwe alitoka jikoni. "Mimi, mama? Ninamwagilia maji safi ya bomba."

"Nani mwingine anagusa miche hapa? Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Mkwe aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake.

"Narudi kwetu," alimwambia mumewe. "Leo ni sabuni, kesho nitaitwa mchawi."

Seremala alichanganyikiwa. Alikimbia nyumba ya pili kumwita jirani yao, afisa misitu. Watu walimwita Miwani.

Miwani aliinama, akang'oa mche mmoja mweupe.

"Sabuni huunguza majani," alisema. "Haiwezi kuufanya mche uzaliwe mweupe. Mbegu ulizitoa wapi, mama?"

"Kwenye mti wangu pale shambani. Mnene, mnyoofu. Mbegu bora hutoka kwa mti bora, au sivyo?"

"Mti mmoja tu? Wenzake wako wapi?"

Seremala alijibu, "Tuliikata mwaka juzi. Mama alitaka mbao za kujengea kibanda hiki cha kitalu."

Miwani aligusa nguzo ya kibanda. "Basi waliopaswa kuwa baba wa miche yako ndio hizi nguzo."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye udongo. "Mti una baba?"

"Unaye. Ndani ya ua kuna vumbi laini, linaitwa chavua. Nyuki hulibeba kutoka mti huu hadi mti ule, na mbegu nzuri hupatikana. Mti wako umebaki peke yake, na msitu uko mbali. Nyuki anazunguka maua yale yale. Mti umejizalisha wenyewe."

"Ndiyo uzae miche myeupe?"

"Kila mti una kasoro zilizojificha. Ukizaa na mti wa ukoo mwingine, uzima wa mmoja hufunika kasoro ya mwenzake. Ukijizalisha, kasoro hukutana na kasoro ile ile. Mche usio na kijani hauwezi kujitengenezea chakula. Hii myeupe itakufa yote, na mingine ya kijani itadumaa."

Mama aliinuka taratibu, akaenda hadi mlango wa chumba cha mkwewe.

"Mwanangu, miti niliikata mimi, lawama nikakutwika wewe. Nisamehe."

Mkwe aliweka chini nguo aliyoishika.

"Umeniumiza, mama. Nitakaa. Lakini siku nyingine uniulize kwanza."

Miwani aliwaombea ruhusa ya kuokota mbegu msituni. Aliwafundisha kuokota kwenye miti mingi iliyo mbali mbali, kwa kuwa iliyokaribiana mara nyingi ni ndugu. Aliwaambia waache nyingine kwa ajili ya ndege na wanyama. Pia walipanda miti kuanzia shambani kuelekea msituni, ili nyuki wapate njia.

Msimu uliofuata mkwe ndiye aliyechagua mbegu. Tuta lote liliota kijani. Mnunuzi mmoja alikuja akamkuta mama kibandani.

"Hodi. Wewe ndiye mwenye kitalu?"

Mama alimwonyesha mkwewe kwa kidole.

"Muulize yule," alisema. "Mimi nilijua mti mmoja tu."