Tangaza Ulichokiona

Kila jioni, akishaosha vyombo, binti wa fundi cherehani alipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto. Wa kulia ulishazoea. Wa kushoto ulikuwa mkaidi. Alipiga mpaka mama yake akapaza sauti dirishani, "Mwanangu, ukuta huo utatuangukia!"

Timu ya wasichana ilipocheza na shule jirani, mguu ule ulitii. Aliinua kichwa, akapenyeza pasi katikati ya mabeki wawili, na rafiki yake Mkimya, mtoto pekee mweupe darasani kwao, akafunga bao.

Kipaza sauti kikanguruma. Mtangazaji alikuwa mwanafunzi mwenzao waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. "Jamani, msichana huyu ni mwanaume kabisa! Nguvu za weusi hizo, kazaliwa nazo! Na yule mweupe, kumbe naye anajua kukimbia!"

Watu waliangua kicheko. Damu ilimchemka binti. Kazaliwa nazo? Na jioni zote zile? Mkimya naye alikuwa ameinamisha kichwa, kana kwamba kufunga bao ni kosa.

Wakati wa mapumziko, binti alivua viatu. "Mwalimu, kwa maneno yale ya Redio, mimi sichezi tena."

"Si nilikuwa nawasifu?" Redio, aliyekuwa karibu na kipaza sauti chake, alijitetea. "Nimekosa nini jamani?"

"Umesifu ngozi yangu," binti alisema. "Mimi mwenyewe hukuniona."

Mwalimu wa michezo hakumnyang'anya Redio kipaza sauti. "Kipindi cha pili tangaza, ila useme tu kile mchezaji alichofanya." Akamgeukia binti. "Vaa viatu, mwanangu. Ukitoka wewe, atatangaza nini?"

Alivaa, bado amenuna. Mpira ulipoanza, Redio alikwama. Alikuwa amezoea kupayuka bila kutazama. Hatimaye akasema, "Anatazama kulia... anapiga kushoto! Mkimya alishaanza kukimbia kabla ya pasi! Wameelewana bila kusemezana!"

Safari hii watu walipiga makofi.

Mechi ilipoisha, Redio aliwafuata. "Samahanini, dada zangu."

"Siku nyingine tazama kwanza," binti alijibu. Hasira haikuwa imekwisha yote.

Mwalimu aliwakusanya wote. "Ukisema mtu anacheza vizuri kwa sababu ya rangi yake, au kwamba amekuwa mwanaume, unampokonya jasho lake. Jasho hilo mrudishieni mwenyewe."