Jumamosi za Kukanda Miguu

Nakuru ya wakati ule ilikuwa ndogo, na siku ya Jumamosi mji mzima ulihamia sokoni. Wamaitha alikuwa amesimama kwa wauza viazi wa Kuresoi, amevaa gauni la maua ya kijani alilolishona kwa mkono wake, na mgongoni amembeba Thuo. Mtoto wa miaka mitano habebwi mgongoni, kwa hivyo watu walikuwa wakitazama. Mguu wake wa kushoto ulining'inia bila nguvu tangu polio ilipopita mjini mwaka uliotangulia.

"Mkubwa hivyo hawezi kutembea?" mwuza viazi akauliza. "Unamdekeza, mama."

Wamaitha alikuwa bado anatafuta jibu lenye pilipili aliposikia sauti ya mwanamume nyuma yake.

"Hata mimi wangu nambeba. Niulize mimi pia."

Akageuka. Mwanamume alikuwa mrefu, amevaa kaki za reli zilizopigwa pasi zikanyooka, na mabegani mwake amekaa msichana mdogo mwenye chuma na mikanda ya ngozi mguuni. Wamaitha akamtazama mtoto, akamtazama baba, kisha akasahau viazi kabisa.

"Mimi ni Baba Jeruto," alisema. "Niko stesheni, kwa mizigo. Na wewe ni mama nani?"

"Mama Thuo."

Hakudanganya. Baba wa mtoto alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari akafia kizuizini, na mama yake, dada wa Wamaitha, hakumaliza mwaka baada yake. Thuo hakuwa na mama mwingine duniani. Lakini hayo si mambo ya kumweleza mtu mbele ya viazi.

"Kuna kikundi cha wazazi wa watoto kama hawa," yule bwana akasema. "Kila Jumamosi jioni, kwa ukumbi wa kanisa, Bondeni. Tunakanda miguu, tunakunywa chai, tunalia kidogo. Kuja."

Wamaitha akaenda, na mwenyekiti akamuuliza tu yeye ni mama nani. Huyo, Mama Cheptanui, alikuwa mama wa sauti nzito na sheria moja tu: mzazi hamkandi mtoto wake mwenyewe.

"Ukikanda wako, akilia unaacha," alisema. "Na mguu hautaki huruma, unataka kukandwa."

Basi Thuo akapewa Baba Jeruto, na Jeruto akapewa Wamaitha. Hata baada ya nywele zake kuwa nyeupe, Wamaitha akisikia harufu ya mafuta ya mbarika waliyokandia alirudi moja kwa moja kwenye ukumbi ule: vipande vya blanketi vilivyochovywa kwenye maji ya moto, chai ya maziwa ikichemka pembeni, na watoto wakilia kwa zamu. Ilikuwa furaha, ingawa hakuna aliyethubutu kuiita hivyo.

"Baba Jeruto, hiyo mikono ni ya kubeba magunia. Utanivunjia mtoto."

"Magunia ya pareto hayalalamiki kama wewe, Mama Thuo."

"Hayo magunia hayana mdomo."

"Ndiyo maana nayapenda."

Wamama wengine walicheka chini chini. Walijua kwamba mke wa Baba Jeruto alizikwa Keringet kabla hata mtoto hajaugua, na kwamba tangu hapo hawakuwahi kumsikia akitania.

Kisha, bila neno, akabadilika. Jumamosi moja alimwomba Mama Cheptanui ampe mtoto mwingine wa kukanda, akaketi upande wa pili wa ukumbi, na saa ya kwenda ikifika alimchukua Jeruto mikononi mwa Wamaitha bila kumtazama usoni. Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Wamaitha aliumia kuliko alivyotarajia, na kwa sababu aliumia, akakasirika. Alikuwa fundi wa cherehani katika duka la Mhindi, na duka lilikuwa na simu. Tajiri wake alipotoka kwenda kunywa chai, aliiinua akaomba aunganishwe na stesheni.

"Mizigo," sauti ikajibu.

"Ni mimi."

"Mama Thuo. Mtoto ni mgonjwa?"

"Mtoto anauliza amekukosea nini. Mimi pia nauliza."

"Hamjanikosea. Mimi ndiye nilikuwa naanza kukosea." Akashusha sauti. "Siku ile ulicheka, chai ikanimwagikia mkononi na sikusikia moto. Nikajiambia, Kosgei, toka hapo. Bwana wake yuko kizuizini, anahesabu kurudi nyumbani. Mimi siwezi kumwibia mtu aliyefungwa."

Wamaitha akaketi juu ya robota la kitambaa.

"Bwana gani?"

"Baba Thuo."

"Baba Thuo alikuwa shemeji yangu, na alikufa. Mama yake alikuwa dada yangu, naye tukamzika. Mimi sijaolewa, Kosgei."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

"Na mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

"Siku hizi nani anamuuliza mama Mkikuyu bwana yake yuko wapi?"

"Niliogopa pia," akasema Wamaitha. "Kikundi ni cha wazazi. Wakijua sikumzaa, watanitoa, na Thuo atakandwa na nani?"

Jumamosi hiyo Wamaitha akasimama mbele ya wote akasema ukweli. Mama Cheptanui aliendelea kukoroga chai.

"Mimi nilikuuliza mama nani," alisema. "Nani alikuuliza kama ulizaa? Keti."

Baadaye Wamaitha alipotoka, Kosgei alimfuata nje, ambako ziwa lilionekana kwa mbali, lote rangi ya waridi kwa ndege heroe.

"Nirudishie Thuo," alisema.

"Wa kukanda?"

"Wa kulea. Na mama yake."

"Watu wenu watasema."

"Na wenu pia. Tutawapikia chai, mpenzi."

Wakafunga ndoa katika kanisa lile lile, watoto wawili wamekaa benchi ya mbele na vyuma vyao, cha Thuo kikiwa bado kipya. Jumamosi iliyofuata walipofika kikundini, Kosgei alinyoosha mikono kumchukua Thuo kama kawaida, Mama Cheptanui akamzuia.

"Huyo sasa ni wako. Na Jeruto ni wa huyu. Sheria ni ile ile. Kaeni pale."

Wakakaa, wazazi wengine wakiwakanda watoto wao. Jeruto akaanza kulia, Wamaitha akainuka nusu, Kosgei akamvuta chini. Kisha Thuo akapiga kelele akimwita baba, kwa mara ya kwanza, na Kosgei akasimama wima. Wamaitha akamshika mkono wa shati lake la kaki, akamkalisha, akaendelea kumshika hadi chai ikaiva.