Besi ya Kwapani

Kituo cha treni kilikuwa kimefurika watu, masanduku na makelele, na mlinzi wa getini alikuwa ameung'ang'ania mfuko mweusi wa mhudumu wa treni.

"Dada, nauliza tena. Humu mna nini? Mbona kama bunduki?"

"Gita la besi, kaka yangu. Niache, zamu yangu inakaribia."

"Besi naijua mimi! Besi ni kubwa kama mlango."

"Afande, liache lipite," sauti ikasema kutoka nyuma. "Hilo bado linanyonya."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mhudumu akageuka: sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikakubali, skafu nyekundu shingoni, na midomo iliyokuwa tayari kumtukana mtu. Mbele yake akasimama kijana mrefu ndani ya ovaroli, bisibisi zimejipanga kiunoni, anatabasamu bila haya. Alikuwa fundi lifti, ameitwa kuja kutengeneza ya pale kituoni.

"Umewahi kulisikia?" mhudumu akamuuliza.

"Sijabahatika."

"Basi njoo, mjuaji. Weka kidevu hapa."

Bila spika, gita lile lilikuwa kama bubu katikati ya zile kelele. Lakini fundi alipoegemeza kidevu kwenye ubao wake, naye dada akagusa uzi mnene kuliko zote, muungurumo ulimpanda menoni, ukashuka kifuani, ukakaa humo.

"Mama wee," akanong'ona.

"Linanyonya?"

"Linanguruma. Naomba namba."

"Ya gita?"

"Ya mwenye gita."

Namba akapewa. Tangu hapo simu hazikukauka.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Sijui, nje giza. Nimekaa juu ya ndoo kwenye chumba cha watumishi, najifunza."

"Na mimi ningekuwa ndoo."

"Ungenyamaza kama ndoo, ningekupenda zaidi."

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba. Gita la kawaida lingegonga ukuta kabla wimbo haujaanza. Ndiyo maana alinunua lile fupi, la safari, linaloingia kwapani. Abiria wakishalala, yeye alipiga. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: bendi ya ukumbi wa mjini ilikuwa inatafuta mpiga besi, na nafasi hiyo aliitaka kuliko usingizi.

Siku chache kabla ya majaribio ya bendi, fundi akabisha hodi nyumbani kwa mhudumu amebeba mfuko mrefu kama yeye mwenyewe. Ndani, gita la besi linang'aa, kubwa, limefungwa utepe.

"La kwako, mpenzi. La watu wazima. Jumamosi nenda nalo."

Mhudumu alilitazama, kisha akamtazama yeye.

"Vidole vyangu vimezoea hatua fupi. Kwenye hili, kutoka sauti moja kwenda nyingine ni kuruka mtaro. Miezi yote hii ulikuwa unanisikiliza, au unanitazama tu?"

"Sitaki wakucheke."

"Kumbe unanionea aibu."

"Siyo hivyo, sikiliza..."

Mlango ukafungwa, fundi na gita lake jipya nje. Fundi akapiga simu, akapiga tena. Simu ilitetemeka chini ya mto, na mwenye simu alilia hapo juu yake bila kupokea. Alipomaliza kulia alinawa uso, akalichukua gita lake na kuendelea pale alipoishia.

Jumamosi alivaa gauni la rangi ya chungwa na raba nyeupe, akapanda ngazi za ukumbi. Kiongozi wa bendi, mzee wa kofia, akashusha miwani, akalitazama gita.

"Binti, umekuja kupiga muziki au kuchokonoa meno?"

"Nionyeshe spika, baba."

Akachomeka waya. Mpiga ngoma alianza kwa dharau, mkono mmoja, lakini besi ilipoingia alikaa vizuri na kushika fimbo zote mbili. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Wimbo ulipokwisha, mzee alikuwa amevua kofia.

"Umepita. Ila jukwaani utashika kubwa. Watu wanalipia macho pia."

"Hapana, baba."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa gita. Kazi naitaka. Kama haviendi pamoja, mtafute mwingine."

Akachomoa waya, akafunga mfuko. Alishafika mlangoni.

"We binti!" mzee akafoka. "Mazoezi ni kesho kutwa. Uje na hicho hicho chako. Na usichelewe!"

Alishuka ngazi mbio, akapiga simu mwenyewe.

"Uko wapi?"

"Kwenye shimo la lifti, jengo la benki." Sauti ya fundi ilikuwa ndogo.

"Toka humo. Nakuja."

Alimkuta chini, mapokezi ya benki, amejaa grisi hadi masikioni. Hawakukumbatiana.

"Wamenichukua. Na langu hili hili."

Macho ya fundi yakajaa maji. "Niliogopa, mpenzi. Niliwasikia vijana wa ile bendi wakikucheka, nikaogopa."

"Wewe ndiye uliyeogopa. Mimi sikuogopa. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza. Nisamehe. Lile nimelirudisha dukani." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Sasa nakuuliza. Naomba nikuoe."

"Hapana."

Fundi akainamisha kichwa. Dada akamwinua kidevu kwa kidole, grisi ikamchafua.

"Kuolewa sitaki, tena usinioe," akasema. "Tuoane."

"Tuoane," fundi akaitikia, polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya.

"Haya, kanawe. Twende kwa mama tukamwambie, wote wawili."