Geuza Kanda

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi redio, mtu asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe.

Mjane mmoja alimletea kompyuta ya zamani, zile zinazosoma programu kutoka kwenye kaseti. Redio kaseti yake ilishakufa.

"Marehemu alimtengenezea binti yetu mchezo kwenye kanda hii," alisema. "Imeanza kuliwa na ukungu, fundi wangu. Niokolee."

Fundi akanakili kanda kwenye kadi ya memori, akaunda kidude cha kuicheza badala ya redio kaseti. Akajifungia chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akakiunganisha na kompyuta na spika, akakijaribu. Kriii! Mlio ukasaga kama panzi ndani ya kopo. Mwishoni ikaja sauti ya mwanamume, taratibu: "Geuza."

Fundi akacheka. Enzi zile ilibidi ugeuze kanda ili upate upande wa pili.

"Mzee, siku hizi hakuna cha kugeuza," akasema, akaifuta sauti ile kwenye nakala.

Akacheza tena. Kriii, kisha kimya.

Ndipo umeme ukakatika. Feni ikasimama, giza likawa totoro. Fundi akachomoa nyaya zote, akakishika kidude chake kiganjani, akaanza kupapasa ukutani akiutafuta mlango.

Kidude kile, bila waya, bila spika, kikasema taratibu:

"Basi geuka."